Je, wajua kwa nini vidonge vya antioksidanti havizuii kisukari?

Wauzaji wa vidonge vya "kusafisha damu" katika stendi za teksi za Kampala wana maelezo yasiyobadilika: mwili hutoa radikali huru (molekuli zisizotulia), radikali huharibu seli, kisukari huingia. Vitamini C na E, ambazo ni antioksidanti, huziua radikali. Basi meza nyingi.

Nusu ya kwanza ni kweli. Sukari ikizidi katika damu, mitokondria za seli (vinu vyake vya nishati) hutoa radikali kupita kiasi, na mishipa, figo na macho huumia. Kosa liko kwenye "meza nyingi". Huko Marekani wanawake zaidi ya 6,000 walifuatiliwa kwa takriban miaka tisa, wengine wakimeza vitamini C, E au beta-karotini (antioksidanti ya karoti), wengine vidonge visivyo na dawa. Kisukari aina ya 2 hakikupungua kwa maana yoyote. Finland mambo yaliharibika kabisa: matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa wanaume wavuta sigara waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao.

Inakuwaje? Radikali huru, pamoja na jamaa yake haidrojeni peroksaidi (ndiyo, ile ya kuoshea vidonda), hubeba ujumbe pia. Chukua nyumba ya Ntinda, mtaa wa Kampala, yenye mbwa na askari wa geti. Mbwa akibweka, majirani hununa, lakini kelele hizo ndizo zinazomwamsha askari awashe taa na kuzunguka ua. Mfunge mbwa mdomo: mtaa utatulia, na askari atakoroma. Askari huyo ni vimeng'enya vya mwili wenyewe, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia. Kimoja, katalasi, huvunja mamilioni ya molekuli za peroksaidi kwa sekunde. Hakuna kidonge kinachokaribia kasi hiyo. Na mazoezi ndiyo humbwekesha mbwa: misuli ikichoka, radikali huongezeka, seli hujibu kwa kuongeza vimeng'enya na kuitikia insulini, homoni inayoshusha sukari, vizuri zaidi.

Mwaka 2009 watafiti wa Ujerumani waliwafanyisha vijana wa kiume mazoezi kwa wiki nne, baadhi yao wakimeza vitamini C miligramu 1,000 kwa siku pamoja na E. Mwitikio wa mwili kwa insulini ulipanda kwa wasiomeza tu. Kundi lilikuwa dogo, na majaribio mengine hayakuona tofauti hiyo, kwa hiyo asitokee mtu wa kuigeuza sheria.

Polifenoli, kundi la kemikali za mimea, ndizo zinazonifurahisha. Zinazofika kwenye damu ni chache mno kuzima radikali moja moja. Inaelekea seli huziona kama sumu hafifu, kisha protini iitwayo NRF2 huamsha jeni za vimeng'enya; yaani zinabweka, hazizuii kubweka. Robusta, kahawa inayolimwa zaidi Uganda, ina asidi ya klorojeni, mojawapo ya polifenoli hizo, nyingi kuliko arabika. Wanywaji wa kahawa hupata kisukari aina ya 2 kwa nadra zaidi, hata wale wa kahawa iliyotolewa kafeini, ingawa huo ni uhusiano tu na haujathibitisha kwamba kikombe ndicho kilichowakinga.