Je, wajua jinsi baridi inavyoweza kuangusha meli ya anga?

Katika gemu za vita vya meli za anga, yaani yale maputo marefu yenye injini na usukani, silaha ya moto haisumbui kichwa: inachoma, fundi anakimbilia kuzima. Kazi huwa kwenye silaha ya baridi. Wabunifu wengi humgandisha adui kwa sekunde kadhaa, basi. Kwangu huko ni kumwonea mchezaji, maana anabaki kutazama tu. Baridi ya kweli huangusha chombo kwa kukitwisha mzigo.

Meli ya anga huelea kwa sababu gesi iliyomo ni nyepesi kuliko hewa ya nje. Siku ya baridi, ajabu ni kwamba huelea vizuri zaidi, kwani hewa yenyewe imekuwa nzito. Kwa hiyo silaha yako haina budi kupoza gesi ya ndani peke yake. Chukua chombo chenye gesi mita za ujazo 10,000. Ukiishusha gesi hiyo kutoka nyuzi 15 za Selsiasi hadi 5 chini ya sifuri, itanywea kwa asilimia 7 hivi, na chombo kitapoteza uwezo wa kubeba karibu kilo 850. Si haba, ila kupoza gesi yote hiyo kwa mzinga mmoja ni shughuli. Sasa linganisha na barafu: utando wa milimita 1 tu kwenye mgongo wa mita za mraba 1,000 una uzito wa kilo 900 hivi! Ndiyo maana mzinga wangu ungerusha ukungu wa maji yaliyopoa kupita kiasi, yale ambayo huganda papo hapo yanapogusa kitu.

Yamewahi kutokea. Mei 1926, meli ya anga Norge, iliyowabeba mvumbuzi wa Norwe Roald Amundsen na Mwitaliano Umberto Nobile, mbunifu na rubani wake, ilivuka Ncha ya Kaskazini kutoka visiwa vya Svalbard hadi Alaska. Ndani ya ukungu barafu ilishika pangaboi, ikabanduka, ikarushwa kama risasi na kutoboa kitambaa cha meli hiyo hiyo. Mafundi wakawa wanaziba matundu huko huko angani. Antena nayo ikaganda, redio ikanyamaza. Mbunifu atake nini zaidi? Nahodha akiongeza kasi anajipiga risasi mwenyewe, akizima injini anachukuliwa na upepo.

Dawa yake ni jua, nalo lina gharama. Tarehe 25 Mei 1928, usukani wa kupandisha na kushusha meli nyingine ya anga ya Nobile, iliyoitwa Italia, ulikwama. Nobile akaamuru injini zizimwe, chombo kikapanda hadi juu ya mawingu. Jua likaitanua haidrojeni, gesi iliyokuwa ikiielesha meli, na sehemu yake ikatoka kupitia valvu. Waliporudi chini, haukupita muda mrefu chombo kikawa kizito, kikashuka kwa kasi na kujipigiza kwenye barafu ya bahari.

Basi katika gemu, anayekimbilia juani barafu imyeyukie, lakini gesi iliyomtoka huko juu isirudi hadi pambano liishe.