Mzazi, Daftari Lisilo na Noti Si Ushahidi Kwamba Mwanao Hafundishwi

Muhula huu wazazi wa Nairobi wametulalamikia mara nyingi kwamba daftari la sayansi la Gredi ya 7 halina noti, na kwamba mwalimu "anawachezesha na betri". Tunaelewa wasiwasi huo, ila kurasa zilizojaa hazionyeshi kilichoingia kichwani.

Mtoto huja darasani na maelezo yake tayari. Wengi huamini kwamba balbu hula umeme, hivyo mkondo unaorudi kwenye betri ni mdogo kuliko uliotoka. Mwalimu akiandika ubaoni kwamba mkondo ni ule ule, mtoto atanakili, atapita mtihani, na imani yake ibaki palepale. Kwa hivyo mwalimu huwaomba kwanza watabiri, kisha huweka ammita (kipimo cha mkondo) moja upande huu wa balbu na nyingine upande ule. Zinasoma sawa. Ubishi unaozuka hapo ndio somo lenyewe: balbu hutumia nishati, mkondo haupungui. Mwanasaikolojia wa elimu David Ausubel aliandika mwaka 1968 kwamba kinachoathiri ujifunzaji kuliko vyote ni kile mwanafunzi anachokijua tayari.

Tena majaribio hayo yana alama. Katika matokeo ya Gredi ya 9, KPSEA, tathmini ya kumaliza shule ya msingi katika Gredi ya 6, hubeba asilimia 20, tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8 asilimia 20, na KJSEA, mtihani wa kumaliza sekondari ya chini katika Gredi ya 9, asilimia 60. Tumeeleza haya mara nyingi, na bado tunaulizwa "mchezo" huo utaisha lini.

Kuhusu tuisheni ya likizo, Kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinaikataza. Anayepatikana na hatia hutozwa faini isiyozidi shilingi 100,000, au hufungwa kwa muda usiozidi mwaka mmoja, au adhabu zote mbili. Sheria inasema mtu yeyote. Haikutaja walimu pekee.

Likizoni, mwambie mwanao afunge daftari akueleze somo kwa maneno yake, na umuulize tena wiki ijayo. Wanasaikolojia Roediger na Karpicke walionyesha mwaka 2006 kwamba waliojikumbusha matini bila kuitazama waliikumbuka vizuri zaidi wiki moja baadaye kuliko waliorudia kuisoma. Akikwama, usimpe jibu haraka. Akiendelea kukwama, mwone mwalimu wa somo kwanza, kisha mwalimu mkuu, kabla ya kutuandikia.