Hati ya Msimamizi wa Mirathi Si Hati ya Umiliki

Tangu Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia izinduliwe mwaka 2023, mirathi haikosekani kwenye malalamiko yanayoletwa mezani kwetu, bega kwa bega na migogoro ya ardhi. Wengi wanaofika huanza kwa kusema marehemu hakuacha wosia, kana kwamba hapo ndipo mambo yalipoharibika. Ukilifungua jalada, mara nyingi unakuta wosia si kiini cha ugomvi. Kuna mtu aliteuliwa na mahakama kusimamia mali, akaenda nyumbani na hati yake, akakaa. Miaka inapita, kodi za wapangaji anapokea yeye, na ndugu wakiuliza wanaonyeshwa muhuri wa mahakama.

Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria na vyombo vyake, ikiwemo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa mirathi ya Waislamu. Vilevile, kama shauri lako liko mbele ya hakimu, usiyachukue maelezo haya kuwa jibu la shauri hilo. Kila jalada lina ushahidi wake.

Tuanze na hilo la muhuri. Msimamizi wa mirathi amepewa kazi, hajapewa mali. Kazi yenyewe ni kukusanya mali na madai ya marehemu, kulipa gharama za mazishi na madeni, kugawa kinachobaki kwa warithi, kisha kurudi mahakamani kueleza alichofanya ili mirathi ifungwe. Anaweza kuwa mrithi pia, na fungu lake atalipata kama wenzake. Kuwa msimamizi hakumwongezei hata tofali moja. Anaposajiliwa kwenye daftari la ardhi, anasajiliwa kama mwakilishi wa kisheria wa marehemu, na hicho ni kituo cha njiani kuelekea kwa warithi. Tunalirudia hili kila wiki, na kila wiki anakuja mtu aliyenunua kiwanja kwa msimamizi bila kuuliza warithi ni akina nani.

Dhana ya pili inayotusumbua ni kwamba ukoo ndio unaoteua msimamizi. Kikao cha ukoo kinapendekeza, mahakama ndiyo inayoteua. Muhtasari wa kikao husaidia kumwonyesha hakimu warithi ni nani na kama kuna anayepinga, ndiyo maana huulizwa karibu kila mara. Lakini haki ya kuomba usimamizi haitokani na muhtasari huo. Mjane ambaye shemeji zake wamegoma kukaa kikao, au wamekaa bila yeye, anaweza kwenda mahakamani, akaeleza hali hiyo waziwazi kwenye maombi yake, na mahakama ikamsikiliza. Wapo waliosubiri kikao kwa miaka mingi. Hakuna aliyewaambia wasubiri zaidi ya waliokuwa wakifaidika na kusubiri kwao.

Sasa utaratibu, kwa sababu hapa ndipo makosa yanapokuwa mengi. Maombi ya Mahakama ya Mwanzo huanza kwa Fomu Na. I, ikiambatana na cheti cha kifo. Mahakama hutoa tangazo ili mwenye pingamizi ajitokeze, na tangazo hilo lina muda wake. Pingamizi lisipokuwepo, au likisikilizwa na kutupwa, mwombaji husaini dhamana, kwa kawaida akiwa na wadhamini, kisha anapewa hati ya usimamizi, yaani Fomu Na. IV. Watu wengi huishia hapo. Sheria haiishii hapo. Ndani ya miezi minne tangu kuteuliwa, msimamizi anatakiwa kuwasilisha Fomu Na. V inayoorodhesha mali na madeni, na Fomu Na. VI inayoonyesha hesabu na mgawanyo. Kwa mirathi inayoendeshwa chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mirathi, Sura ya 352, orodha ya mali inawasilishwa ndani ya miezi sita na hesabu ndani ya mwaka mmoja. Muda hautoshi? Unaombwa uongezwe, kabla haujaisha, na sababu zinaelezwa. Kunyamaza si maombi ya kuongezewa muda.

Asiyewasilisha orodha kwa makusudi anaweza kufutiwa usimamizi. Vilevile aliyepata hati kwa udanganyifu, kwa mfano aliyeficha kwamba marehemu aliacha mjane mwingine au mtoto wa nje ya ndoa. Akiamriwa na mahakama kuwasilisha orodha na akakaidi, hilo ni kosa la jinai. Akiwasilisha orodha ya uongo huku akijua, hilo nalo ni kosa la jinai. Hasara aliyoisababisha kwa kutapanya mali atadaiwa yeye binafsi, na wadhamini wake wanaweza kufuatwa kwa kiasi walichojifunga. Wadhamini wengi hulijua hili siku wanapopokea wito. Kabla ya kumwekea mtu saini kwa sababu ni binamu yako, soma unachosaini.

Mrithi anayeona msimamizi amekaa kimya hahitaji kumpiga wala kubadilisha kufuli. Aandike barua mahakama ile ile iliyotoa hati, ataje namba ya shauri, aombe msimamizi aitwe kutoa hesabu. Mahakama ile ile. Kufungua shauri jipya mahakama nyingine kwa jina la marehemu yule yule ni kujiongezea miaka.

Kuhusu mahakama ipi. Mahakama ya Mwanzo hushughulikia mirathi inayoongozwa na sheria za mila au za Kiislamu, na marehemu awe alikuwa na makazi yake ya kudumu ndani ya eneo la mahakama hiyo. Makazi, si alikozikwa. Mtu ameishi na kufanya kazi Mwanza maisha yake yote, anazikwa kijijini Rombo, na mirathi inafunguliwa Rombo kwa kuwa ndugu walikuwa huko kwenye arobaini. Shauri lililofunguliwa kwenye mahakama isiyo na mamlaka linaweza kufutwa hata baada ya mali kugawanywa, na mnaanza upya.

Sheria ipi itumike ni swali zito zaidi, na jibu lake haliko kwenye jina la marehemu wala kwenye kabila lake peke yake. Mahakama huangalia mwenendo wa maisha yake na nia yake: aliishije, alifunga ndoa ya aina gani, alijitenga na mila au aliendelea nazo. Tofauti ni kubwa. Kwa Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865 (ndiyo, ya mwaka huo, na inatumika hapa), mjane aliyeachwa na watoto hupata theluthi moja na watoto theluthi mbili. Kwa sheria ya Kiislamu, mjane mwenye watoto wa marehemu hupata moja ya nane, na asipokuwepo mtoto hupata robo. Kwa kanuni za mila zilizotangazwa mwaka 1963, Tangazo la Serikali Na. 436, mjane hana fungu ikiwa mume ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Kanuni hizo pia huwapanga watoto kwa madaraja, na mabinti wako daraja la tatu. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kwamba zina ubaguzi lakini haikuzibatilisha, na mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Kutokomeza Ubaguzi dhidi ya Wanawake iliitaka Tanzania izirekebishe. Si kazi yetu hapa kujadili sera. Itoshe kusema kwamba mume anayesema mke wangu sheria itamlinda, hajauliza ni sheria ipi.

Mtoto ni suala lingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto matumizi ya kuridhisha kutokana na mali ya mzazi wake, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 5,000,000, kufungwa kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Wosia

Wosia si lazima uandikwe na wakili. Si lazima uwe tajiri. Na hauiti kifo, hilo tumelijibu vya kutosha. Kinachoua wosia ni mashahidi. Chini ya kanuni za mila, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki, nao wawe wanajua kusoma na kuandika na washuhudie kwa wakati mmoja. Mwenye wosia asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wosia wa mdomo nao ni mashahidi wanne kwa mgawanyo huo huo. Uandikwe kwa wino usiofutika au uchapwe, uwe na tarehe, na mwenye wosia awe na akili timamu. Wosia wa maandishi haufutwi na wosia wa mdomo, kwa hiyo yale maneno ya hospitalini, "baba alibadilisha mawazo usiku ule", hayatoshi. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp nao hauchukui nafasi ya mashahidi wanne. Tumeletewa simu nyingi.

Chini ya sheria ya mwaka 1865 wanatakiwa mashahidi wawili au zaidi, na hapa kuna mtego: shahidi akiwa ndiye aliyeachiwa mali, au mume au mke wake ndiye aliyeachiwa, zawadi hiyo inaanguka. Ukifunga ndoa baada ya kuandika wosia, wosia huo unafutika. Kwa Mwislamu, wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na kwa kawaida hauwi kwa mrithi isipokuwa warithi wengine waridhie.

Kumnyima mrithi inawezekana, ila si kwa hasira. Kanuni za mila zinataja sababu: amezini na mke wa mwenye wosia, amejaribu kumuua au kumdhuru yeye au mama yake, hakumtunza katika njaa au ugonjwa bila sababu ya msingi, au ameharibu mali yake. Sababu iandikwe ndani ya wosia, na anayenyimwa apate nafasi ya kujitetea.

Usiwagawie watu kisicho chako. Kiwanja ambacho wanandoa wamesajiliwa kama wamiliki wa pamoja, mmoja akifariki, haki yake huhamia kwa aliyebaki na haipiti kwenye wosia. Wakimiliki kwa mafungu, fungu la marehemu ndilo linaloingia kwenye mirathi. Nenda kaisome hati yako leo. Vilevile jina uliloandika benki kama ndugu wa karibu ni la mtu wa kupigiwa simu, halimfanyi mrithi wa akaunti. Na kutoa fedha kwa kadi ya marehemu kwa kuwa unaijua namba ya siri ni kuingilia mali ya marehemu.

Wenye biashara

Hapa tunakutana na watu makini waliojenga maduka, malori na shule, wasioweza kusema kipi ni chao na kipi ni cha kampuni. Ukisajili jina la biashara kwa wakala wa usajili wa biashara, BRELA, biashara hiyo ni wewe. Ukifariki, mali zake zote na madeni yake yote yanaingia kwenye mirathi. Ukisajili kampuni, malori ni ya kampuni. Unachoacha ni hisa. Msimamizi hawezi kugawa lori la kampuni kwa mtoto wa tatu, na wosia unaosema "lori namba fulani nampa fulani" hauna lori la kumpa ikiwa kadi ina jina la kampuni. Ukurugenzi haurithiwi hata kidogo. Anayerithi hisa ni mwanahisa, na katiba ya kampuni inaweza kuwapa wanahisa waliopo haki ya kuzinunua kwanza. Isomeni katiba hiyo. Nyingi zilinakiliwa tu siku ya usajili. Kampuni ambayo mkurugenzi na mtia saini wa benki ni mtu mmoja husimama siku anayozikwa, mishahara ikiwemo. Ubia nao huvunjika kwa kifo cha mbia mmoja isipokuwa mkataba wenu useme vinginevyo, na wengi hawana mkataba.

Deni la benki halizikwi na mkopaji. Familia iulize kwa maandishi kama mkopo ulikuwa na bima, kwa sababu mikopo mingi huwa nayo na benki hulipwa na kampuni ya bima. Deni la kodi ni deni kama mengine, linalipwa kabla ya mgawanyo. Msimamizi anayegawa kwanza na kuikumbuka TRA baadaye amejitafutia mzigo.

Mwisho ni muda. Maombi chini ya Sura ya 352 yanayoletwa baada ya miaka mitatu tangu kifo lazima yaeleze sababu ya kuchelewa. Madai ya ardhi ya marehemu yana ukomo wa miaka kumi na miwili, na huhesabiwa tangu siku ya kifo, si tangu siku ulipopata hati ya usimamizi. Kwa anayeanza sasa, karatasi ya kwanza ni cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo. Kibali cha mazishi si cheti cha kifo. Hakikisha jina la kwenye cheti linafanana na la kwenye hati ya kiwanja na akaunti. Kama marehemu alitumia majina mawili, hilo lielezwe kwa kiapo mapema, maana msajili wa hati atakurudisha kwa herufi moja tu iliyozidi.