Mbegu ya Mara ya Pili

Novemba ukipita Ismani, mkoani Iringa, swali ni moja tu: "Tupande, au tungoje?" Mimi ni bwana shamba, nalipwa kulijibu, na kila mwaka linanitoa jasho zaidi.

Huku Nyanda za Juu Kusini msimu wa mvua ni mmoja, Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Hatuna vuli na masika kama Kaskazini. Ukikosea, umekosea hadi mwakani. Siku hizi mvua inanyesha wiki moja, mahindi yanachipua vizuri, halafu mbingu zinafunga wiki tatu. Miche inakaukia ardhini ikiwa na majani manne.

Ekari moja inataka kama kilo 10 za mbegu. Mwenye mshahara au duka ananunua tena. Mjane mwenye ekari mbili anakopa, na deni analilipa kwa mahindi: Julai, bei ikiwa chini kabisa, magunia yanabebwa shambani kwake, tena lumbesa, yaliyojazwa kupita kipimo. Januari hadi Machi anarudi kununua unga kwa kilo, bei imepanda, na maghala mjini Iringa yana mahindi. Ukiitafuta njaa hiyo kwenye takwimu za mavuno ya mkoa, hutaiona.

Wenzetu wa wilaya za Kilolo na Mufindi walau wana vinyungu, vile vishamba vya bondeni vinavyolimwa kiangazi kwa unyevu uliobaki. Mahindi mabichi na maharage ya huko huwahi kabla shamba la mlimani halijakomaa. Sasa mabonde yanakauka mapema, na Sheria ya Mazingira ya 2004 inazuia shughuli ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Naiunga mkono, maana mto ukifa tumekwisha wote. Ila kwenye bonde jembamba, mita 60 ndiyo kinyungu chenyewe chote.

Mtama? Ismani unafaa, nausisitiza. Lakini ndege aina ya kweleakwelea wakitua, lazima mtu ashinde shambani akiwafukuza tangu alfajiri, na watoto wako shule.

Kwa hiyo nashauri shamba lisipandwe lote siku moja: nusu mvua za kwanza, nusu baadaye. Mzee mmoja alinisikiliza hadi mwisho, akacheka. "Bwana shamba, hivyo ndivyo tulivyokuwa tukifanya. Ninyi ndio mlikuja mkasema tupande mapema wote."

Sikuwa na jibu.