Ramani ya watoto wa nje ya ndoa ilichorwa zamani

Ugiriki na Bulgaria zinapakana, na zote mbili ni nchi za Waorthodoksi. Hata hivyo, mwaka 2018, kati ya kila watoto 100 waliozaliwa Ugiriki, kama 11 tu ndio waliozaliwa na mama asiyekuwa kwenye ndoa. Ng'ambo ya mpaka, Bulgaria, walikuwa karibu 59. Sisi tunaoshughulika na takwimu za watu huulizwa swali lilelile kila zinapotoka: kwani huko maadili yameporomoka kiasi hicho? Kama ni maadili, basi yanafuata mipaka ya ardhi na sheria kwa utii wa ajabu.

Tuanze na takwimu yenyewe. Karani anayesajili kizazi haulizi kama wazazi wanapendana au wanalala chini ya paa moja. Anachoandika ni kama mama yuko kwenye ndoa au hayuko. Ufaransa, ambako mwaka huohuo watoto 60 kati ya 100 walizaliwa nje ya ndoa, wengi wa wazazi hao wanaishi kinyumba, na baba amemtambua mwanawe rasmi. Wengine wametia saini mkataba wa kiraia uitwao PACS, ulioanza mwaka 1999, na wanalipa kodi kwa pamoja. Kwenye jedwali letu wote hao ni "nje ya ndoa". Mama ambaye hajaolewa na mama anayelea peke yake ni watu wawili, lakini vichwa vya habari huwafanya mmoja kila mwaka.

Kuna mtego mwingine, huu wa hesabu. Chukua wilaya yenye vizazi 100 kwa mwaka: 80 vya walioolewa, 20 vya wasioolewa. Walioolewa wakiamua kupunguza uzazi kwa nusu, vizazi vyao vitakuwa 40. Wasioolewa hawajabadili chochote, bado ni 20. Asilimia imepanda kutoka 20 hadi 33, na hakuna binti hata mmoja aliyeongezeka kwenye orodha. Ndiyo maana ni vizuri kuangalia pia idadi ya vizazi kwa kila wanawake 1,000 wasio na ndoa. Takwimu hiyo, bahati mbaya, haiuzi gazeti.

Sasa Ujerumani. Katika majimbo yaliyokuwa Ujerumani Mashariki, zaidi ya nusu ya watoto huzaliwa nje ya ndoa. Magharibi hawafiki theluthi. Jibu la haraka ni ukomunisti: kanisa lilibanwa, serikali ikajenga vituo vya kulelea watoto, wanawake wakaenda kazini. Lina ukweli ndani yake. Lakini ukifungua takwimu za miaka ya 1870, Karl Marx mwenyewe, baba wa ukomunisti, akiwa bado hai London, unakuta Saxony, ya upande wa mashariki, imekwisha kuziacha mbali Rhineland na Westphalia za magharibi. Ukuta wa Berlin ulijengwa mwaka 1961, tofauti ikiwa imewatangulia waashi kwa karibu karne nzima.

Sababu hazikuwa moja. Mashariki ya mto Elbe kulikuwa na mashamba makubwa ya mabwanyenye yaliyolimwa na vibarua wasio na ardhi, na Saxony ilipata viwanda mapema. Ndoa ya kijijini ilikuwa mkataba wa shamba kabla ya kuwa jambo jingine lolote, na anayeishi kwa ujira hana shamba la kusubiri. Sheria nayo ilikuwa na mkono wake. Sheria ya Prussia, ufalme mkubwa wa Kijerumani wa wakati ule, ya mwaka 1794 ilimpa mwanamke aliyepata mimba njia ya kumdai mwanamume, ingawa mlango huo ulibanwa mwaka 1854. Upande wa magharibi wa mto Rhine ilitumika sheria ya Kifaransa ya Napoleon ya mwaka 1804, ambayo kifungu chake cha 340 kilisema wazi kwamba kumtafuta baba ni marufuku. Ilidumu huko hadi mwisho wa mwaka 1899. Familia iliyojua kwamba hakuna mahakama itakayomsikiliza binti yao ilikuwa na kila sababu ya kumlinda kwa macho manne.

Msomaji asije akadhani ni suala la mashariki na magharibi tu. Katikati ya karne ya 19, Bavaria, kusini mwa Ujerumani, nchi ya Wakatoliki kindakindaki, ilikuwa na mtoto mmoja kati ya watano aliyezaliwa nje ya ndoa. Wakati ule wachumba walihitaji kibali cha wilaya ndipo waoane, na fukara alinyimwa ili watoto wake wasije wakawa mzigo kwa mfuko wa maskini. Watoto walizaliwa vilevile, cheti tu kikakosekana. Vizuizi hivyo vilipolegezwa mwaka 1868, asilimia ikashuka. Watu walewale, kanisa lilelile.

Mfano ninaoupenda zaidi ni Carinthia, kusini mwa Austria. Mashamba ya milimani yalikuwa makubwa, yenye ng'ombe wengi, na hurithiwa na mtoto mmoja ambaye naye husubiri hadi mzee akubali kung'atuka. Kazi zilifanywa na watumishi wa kike na wa kiume waliokula na kulala palepale shambani, na tajiri hakuwa na nafasi ya mume na mke. Mtumishi akijifungua, mtoto hukulia hapohapo, huchunga, kisha naye huwa mtumishi. Mwishoni mwa karne ya 19 zaidi ya watoto 40 kati ya 100 walizaliwa hivyo. Watumishi wale hawapo tena siku nyingi, lakini Carinthia bado iko juu kwenye orodha ya Austria, kwa karibu nusu ya vizazi vyake. Pale ambapo bibi alizaa kabla ya ndoa na maisha yakaendelea, mjukuu akifanya vivyo hivyo hakuna kikao cha ukoo.

Juu ya udongo huo ndipo sera huangukia. Mwaka 1976 Ujerumani Mashariki iliruhusu mama kubaki nyumbani kwa malipo hadi mtoto atimize mwaka: aliyeolewa kuanzia mtoto wa pili, asiyeolewa hata kwa wa kwanza akikosa nafasi ya kituo. Wengi walipiga hesabu, wakazaa kwanza, harusi baadaye. Magharibi, tangu mwaka 1958, kodi iliwapendelea wanandoa ambao mmoja tu ndiye anayeleta kipato. Kufikia mwaka 1989 theluthi ya watoto wa Mashariki walizaliwa nje ya ndoa, Magharibi sehemu moja ya kumi.

Tena magharibi huko, hadi katikati ya mwaka 1970, sheria ilisema mtoto wa nje ya ndoa na baba yake si jamaa. Haki zake zilisawazishwa na za wenzake mwaka 1998, na maneno yaliyowatenganisha watoto yakafutwa kwenye sheria ya familia. Karani wa takwimu bado anajaza safu yake ya hali ya ndoa ya wazazi, ila urithi wa mtoto haufuati tena kilichoandikwa humo.