Terra nullius si ardhi tupu

Karibu kila makala ya Kiswahili inayogusia historia ya Waaborijini wa Australia hutuambia kwamba Waingereza waliichukua nchi ile kwa kisingizio cha terra nullius, "yaani ardhi tupu isiyo na watu". Nimeivumilia tafsiri hiyo kwa muda mrefu, lakini si sahihi. Terra nullius ni ardhi isiyo na mwenyewe, ambayo dola inaweza kuitwaa bila kupigana wala kupatana na yeyote.

Maneno ni ya Kilatini: terra ni ardhi, na nullius ni "isiyo ya mtu yeyote". Wazo lenyewe limetoka katika sheria ya Kirumi, iliyokuwa na kanuni ya res nullius, kitu kisicho na mwenyewe, kama samaki aliye baharini, ambaye huwa mali ya atakayemvua kwanza. Kilatini kina neno jingine kabisa la utupu, vacuus, nalo halimo humu. Sisi tungepaswa kuiona tofauti hii upesi kuliko wengi, kwa kuwa nyumba iliyojaa wapangaji haiitwi tupu, hata kama mwenyewe hayumo. Tena neno letu mwenyeji asili yake ni mwenye mji, kwa hiyo kusema kwamba nchi ina wenyeji lakini haina mwenyewe ni kujipinga, na huko kujipinga ndiko Waaborijini walikopambana nako mahakamani.

Kuwapo kwao hakukuwa siri. Nahodha Mwingereza James Cook aliagizwa mwaka 1768 achukue ardhi kwa ridhaa ya wenyeji. Aliwaona, na Agosti 1770 akaitangaza pwani yote ya mashariki kuwa ya mfalme wake bila ridhaa hiyo. Mwaka 1835 mlowezi John Batman alidai kuwa amepatana na wazee wa Wakulin, Waaborijini wa eneo lililo karibu na mahali ulipo leo mji wa Melbourne, lakini Gavana Richard Bourke akaubatilisha mkataba huo kwa tangazo. (Jina terra nullius, nikumbushe, halimo katika maagizo aliyopewa Arthur Phillip alipopelekwa kuanzisha koloni, lilibandikwa baadaye.) Bourke hakusema kwamba wazee hao hawapo. Alichokikana ni uwezo wao wa kuitoa ardhi, kwa kuwa aliihesabu kuwa ya Taji, yaani ya dola ya mfalme wa Uingereza.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Wayolngu, Waaborijini wa Yirrkala kaskazini mwa Australia, ambao mwaka 1963 walipeleka bungeni maombi yaliyobandikwa kwenye magome ya mti wakipinga uchimbaji wa boksiti, madini ya kutengenezea alumini, katika ardhi yao, kisha wakaenda mahakamani. Katika hukumu yake ya 1971 Jaji Blackburn alikiri kwamba walikuwa na mfumo kamili wa sheria, lakini akaamua kwamba uhusiano wao na ardhi haukuwa umiliki unaotambuliwa na sheria ya Kiingereza. Jaji huyo aliwaona watu, akaiona na sheria yao, ila hakumwona mwenyewe.

Mwaka 1975 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, ikitoa maoni yake kuhusu Sahara Magharibi, ilisema kwamba nchi yenye jamii zilizojipanga kijamii na kisiasa haikuwa terra nullius Wahispania walipoitwaa. Majaji wa Mahakama Kuu ya Australia waliyazingatia maoni hayo katika kesi ya Eddie Koiki Mabo na wenzake wa kisiwa cha Mer, kaskazini mwa Australia, waliodai ardhi yao, iliyoamuliwa kwa upande wao tarehe 3 Juni 1992 kwa majaji sita dhidi ya mmoja, miezi michache baada ya Mabo mwenyewe kufariki.

Basi anayefasiri aandike "ardhi isiyo na mwenyewe", na akifika 1992 asiandike kwamba watu wa Mer "walipewa" ardhi. Mahakama ilitambua kwamba ilikuwa yao tangu kabla ya Waingereza kufika.