Kutofautiana kwa vipimo vya picha kabla ya upasuaji wa saratani ya kibofu

Hapa Tanga, mgonjwa mmoja wa saratani ya kibofu cha mkojo akipigwa CT skani, yaani eksirei ya kompyuta, na mwingine akaishia kwenye ultrasaundi, ndugu wa huyu wa pili husema kwamba vipimo hospitalini vinatofautiana, wakimaanisha kuwa mzee wao ameonewa. Watafiti wa afya wanapozungumzia kutofautiana huko humaanisha jambo jingine: makundi ya wagonjwa ambao ugonjwa wao umefikia hatua ileile hupigwa picha kwa viwango visivyolingana, kulingana na mkoa, hospitali au daktari.

Hiyo "hatua ileile" ndiyo inayosahauliwa, nayo ndiyo yenye uzito wote. Saratani ambayo haijapenya msuli wa kibofu hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye njia ya mkojo, na uvimbe ukiwa mdogo na usio mkali, CT skani ya kifua kwa kawaida haihitajiki. Iliyopenya msuli hudai mengi zaidi. Kabla ya kukiondoa kibofu kizima, daktari anahitaji picha za kifua, tumbo na nyonga ili ajue kama ugonjwa umekwisha fika kwenye tezi za limfu, mapafu au ini, maana ukiwa umesambaa, upasuaji huo mzito huenda usimfae mgonjwa. Skani ya mifupa huongezwa kukiwa na maumivu ya mifupa au vipimo vya damu vikionyesha dalili kwamba mifupa imeguswa. Hata siku ya kupiga picha ina maana yake: CT skani ikifanywa mara tu baada ya kukwangua, kuvimba kwa kidonda ukutani mwa kibofu kunaweza kusomwa kama saratani iliyotoka nje. Na mgonjwa ambaye figo zake zimedhoofu kwa sababu mirija inayoshusha mkojo kutoka kwenye figo imeziba anaweza kukosa ile dawa ya mshipani inayong'arisha picha, kwa usalama wake mwenyewe.

Pwani yetu ina kichocho cha mkojo pia, ambacho vimelea vyake viliorodheshwa mwaka 1994 na Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu. Saratani inayotokana nacho mara nyingi hugunduliwa ikiwa imekwisha penya msuli, hivyo hospitali inayopokea wagonjwa hao wengi itapiga CT skani nyingi bila ya kuzidisha chochote.

Wanachotafuta watafiti ni tofauti inayobaki baada ya hayo yote kuhesabiwa. Mwaka 1938 daktari Glover alionyesha tofauti ya namna hiyo Uingereza kwa watoto wa shule waliokatwa mafindofindo, na mwaka 1973 watafiti Wennberg na Gittelsohn wakaionyesha katika huduma za matibabu za jimbo la Vermont, Marekani. Kinachobaki hutokana na mashine kuwapo au kutokuwapo, umbali, bima na mazoea ya daktari, nacho huegemea pande zote mbili: wapo wanaopigwa picha chache mno, na wapo wanaopigwa zisizo na kazi.

Kwa hiyo wagonjwa wawili wa mtaa mmoja hawawezi kuthibitisha kutofautiana huko. Ndugu wenye wasiwasi wana haki ya kuuliza, ila waanze na kama ugonjwa wa mzee umepenya msuli; ukiwa umepenya, na kibofu kinakaribia kuondolewa bila picha ya kifua, hapo wana hoja ya kumpelekea daktari.